Zambarau, urujuani na ukuta wa chumba cha kulia: namna ya kuitaja rangi isikosewe

"Fundi, chumba cha kulia kipake zambarau nyepesi." Sentensi hii ni sanifu na upatanisho wake wa kisarufi hauna kasoro. Hata hivyo, mwenye nyumba akimtumia fundi ujumbe huu kisha akasafiri, anaweza kurudi akakuta kimepakwa chumba kisicho ndicho, kwa rangi asiyoitaka, iliyozimuliwa maji kupita kiasi. Sababu ni kwamba "kulia" ina maana zaidi ya moja, "zambarau" ni tunda kabla ya kuwa rangi, na "nyepesi", katika masikio ya mpaka rangi, kwanza ni sifa ya kitu cha majimaji. Rangi iliyochanganywa dukani kwa agizo la mteja kwa kawaida hairudishwi. Hivyo kosa la neno moja hulipiwa ndoo nzima.

Makala haya yanaichambua sentensi hiyo neno kwa neno, kwa faida ya mwanafunzi anayejifunza majina ya rangi, mwalimu anayeyafundisha, na mtafsiri aliyekabidhiwa kadi ya rangi za nyumba. Hoja yake ni moja: Kiswahili kina maneno ya kutosha kuitaja rangi yoyote ya jamii ya zambarau bila utata, ila hakuna neno moja linaloweza kazi hiyo peke yake. Anayetaka kueleweka hana budi kutaja mambo matatu: rangi inaelekea wapi, ina weupe au weusi kiasi gani, na imekolea kiasi gani.

Chumba cha kulia ni kipi?

Kitenzi "-la" katika kauli ya kutendea huwa "-lia": sahani ya kulia, kijiko cha kulia, chumba cha kulia. Umbo hilo linafanana na kitenzi "lia", yaani kutoa machozi au sauti, na pia linafanana na "kulia" ya upande, kinyume cha kushoto. Maana hii ya upande ni jamaa wa ile ya kwanza, kwa kuwa mkono wa kulia ndio mkono unaotumika kulia chakula.

Muktadha huiondoa maana ya machozi mara moja, kwani hakuna anayejenga chumba cha kuombolezea. Maana ya upande haiondoki kirahisi hivyo. Katika nyumba yenye ukumbi mwembamba na vyumba huku na huku, "chumba cha kulia" kwa mtu aliyesimama mlangoni ni chumba kilicho mkono wake wa kulia. Tiba yake ni kuongeza neno moja: "chumba cha kulia chakula". Katika mazungumzo ya nyumbani neno hilo ni la ziada, maana wote wanajua meza iko wapi. Katika maagizo ya kazi, mikataba na tafsiri, ni la lazima. Anayekusudia upande naye aseme "chumba kilicho upande wa kulia".

Mtafsiri ajihadhari pia na "bwalo". Neno hili hufaa kwa ukumbi wa kulia wa shule, kambi au taasisi, wala halifai kwa chumba cha familia ya watu watano. Tena nyumba nyingi hazina chumba mahususi cha kulia; meza ya chakula huwekwa upande mmoja wa sebule. Hapo ni vyema kusema "sehemu ya kulia chakula", ili fundi asitafute mlango usiokuwepo.

Rangi: jina moja, vitu viwili

"Rangi" ina asili moja na "rang" ya Kiajemi na Kihindi. Katika Kiswahili hutaja vitu viwili: sifa inayoonekana kwa macho, na kitu cha majimaji kinachopakwa ukutani. "Nimechagua rangi" huweza kumaanisha kwamba msemaji ameamua ukuta uwe zambarau, au kwamba amepata aina ya rangi ya kununua dukani. Vitu vyote viwili vimo katika ngeli ya i-/zi-, kwa hiyo viambishi havitoi msaada wa kuvitenganisha.

Kiunganishi "-a" nacho kina mtego wake. "Rangi ya maji" ni rangi inayochanganywa kwa maji, na "rangi ya mafuta" ni ile inayochanganywa kwa mafuta. Hakuna anayedhani kwamba ya kwanza haina rangi kama maji ya kunywa. Lakini "rangi ya zambarau" ina umbo lilelile na maana ya namna nyingine, kwa kuwa humo "zambarau" hutaja mfano wa kile kinachoonekana. Semi hizo mbili zikiunganishwa hupatikana "rangi ya maji ya zambarau", ambayo msomaji ana haki ya kuielewa kuwa rangi inayofanana na juisi ya zambarau. Katika orodha ya vifaa ni salama kuzitenga sifa hizo: "Aina: rangi ya maji. Rangi yake: zambarau." Katika sentensi kamili, "rangi ya maji iliyo zambarau" huondoa utata.

Kuhusu vitenzi, ukuta "hupakwa" rangi, ilhali kitambaa au uzi zaidi "hutiwa" rangi. "Rangi mbichi" ni ile ambayo haijakauka, kama linavyosema tangazo linalowekwa ili watu wasiegemee ukuta. Kwa sababu hiyo "zambarau mbichi" haifai kabisa kuwa jina la rangi: mmoja atafikiria tunda lisiloiva, mwingine ukuta unaochafua nguo.

Zambarau ilianza kuwa tunda

Vivumishi halisi vya rangi katika Kiswahili ni vitatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Hivi huchukua viambishi vya upatanisho: ukuta mweupe, kuta nyeusi, kiti chekundu. Rangi nyingine nyingi zimepata majina yake kutokana na vitu. Kijani kinatokana na jani, kijivu na jivu, kahawia na kahawa. Manjano ni kiungo cha jikoni, chungwa ni tunda, waridi ni ua. Zambarau imo katika kundi hili. Ni tunda la mzambarau, mti ambao wataalamu wa mimea huuita *Syzygium cumini*, wenye asili ya Asia Kusini na Kusini Mashariki ya Asia. Jina lenyewe linafanana na majina ya tunda hilo katika lugha za Bara Hindi, kama vile "jambul".

Kwa kuwa zambarau ni nomino, haipokei kiambishi cha upatanisho. Husemwa "ukuta wa zambarau", "kuta za zambarau", "kiti cha zambarau", au kwa ukamilifu zaidi "ukuta wa rangi ya zambarau". Mwanafunzi anayeandika "*ukuta mzambarau" kwa kufuata mfano wa "ukuta mweupe" amepachika mti mahali pa rangi.

Je, ni lini neno "rangi" liongezwe na ni lini liachwe? Kipimo ni kama kitu kinachotajwa kinaweza kubeba matunda au kutengenezwa kwayo. "Pazia la zambarau" halina utata. "Kikapu cha zambarau" kinao, kwa sababu huweza kuwa kikapu chenye matunda au kikapu kilichopakwa rangi. "Bakuli la zambarau" juu ya meza ya chakula lina utata huohuo, na chumba cha kulia ndipo hasa tunda na rangi hukutana. Humo "bakuli la rangi ya zambarau" si maneno ya ziada.

Kuna jambo jingine ambalo kamusi haina nafasi ya kulieleza. Tunda hili halina rangi moja. Likiwa changa ni kijani, kisha hupata wekundu, na likiiva kabisa ganda lake hukaribia weusi. Nyama yake ina rangi hafifu kuliko ganda, na doa linalobaki ulimini ni zambarau ambayo kila mtoto aliyepanda mti huo anaijua. Watu wawili wanaosema "zambarau" wanaweza kuwa wanakumbuka sehemu mbili tofauti za tunda moja, mmoja ganda na mwingine doa. Tofauti hiyo ikihamia ukutani ni tofauti ya chumba kizima. Wala si udhaifu wa neno, kwa maana hutoa pia njia ya kufafanua: "zambarau kama ganda la tunda lililoiva" na "zambarau kama doa la ulimini" ni maelezo ambayo fundi ataelewa bila kuonyeshwa kadi.

Urujuani na mpaka wake

"Urujuani" limetoka katika Kiarabu "urjuwan", lenye uhusiano na "arghawan" ya Kiajemi, jina la mti wenye maua ya zambarau inayoelekea waridi. Jamaa yake katika Kiebrania ni "argaman", jina la kitambaa cha thamani kinachotajwa mara nyingi katika Agano la Kale. Rangi iliyokusudiwa na maneno hayo ya kale ilipatikana kwa konokono wa baharini katika pwani ya Mediterania, na mji wa Tiro ulisifika kwayo. Gharama yake haikuwa ndogo: mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 akapata gramu 1.4 tu za kiini cha rangi hiyo. Ndiyo sababu katika ulimwengu wa kale vazi la rangi hiyo lilikuwa alama ya utajiri na ya ufalme.

Hapa pana funzo kwa mtafsiri. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, inapomtaja tajiri wa Luka 16 na Lidia mfanyabiashara wa Matendo ya Mitume 16, hutumia "zambarau", ingawa "urujuani" lina ukoo na neno la kale lenyewe. Tunda lenye asili ya Asia limetumika kutaja rangi ya konokono wa Mediterania. Kwa kipimo cha asili ya maneno huo ni mchepuko. Kwa kipimo cha msomaji ni uamuzi wenye busara, kwa sababu tunda analijua.

Katika lugha ya sayansi maneno haya mawili yametengana. Rangi ya mwisho ya upinde wa mvua, inayofuata nili, huitwa urujuani, na mionzi iliyo nje ya mpaka huo, isiyoonekana kwa macho, huitwa mionzi ya urujuanimno. Urujuani wa namna hii ni mwanga wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 380 hadi 450. Zambarau kwa maana ya mchanganyiko wa wekundu na buluu haimo katika upinde wa mvua. Hutokea jicho linapopokea mwanga wa pande zote mbili kwa pamoja. Kiingereza nacho hutenga *violet* na *purple* kwa mpaka unaokaribiana na huo.

Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya hubadilishana, na hakuna sababu ya kumsahihisha bibi anayeita kanga yake ya urujuani ikiwa jirani yake anaiita ya zambarau. Katika maandishi yanayohitaji usahihi, mgawanyo ufuatao unafaa. "Zambarau" liwe jina la jumla la jamii nzima. "Urujuani" litumike kwa rangi ya sayansi na kwa zambarau inayoelekea buluu. Upande wa pili isemwe "zambarau inayoelekea wekundu". Wekundu ukizidi na rangi ikawa nzito ya giza, jina lake ni "damu ya mzee", nayo imetoka katika jamii hii. Buluu ikizidi, imekuwa nili. Weupe na wekundu vikizidi kwa pamoja, imekuwa waridi. "Hudhurungi", ambalo baadhi ya wanafunzi hulichanganya na zambarau kwa sababu ya ugeni wake masikioni, liko karibu na kahawia na halihusiki hapa.

"Nyepesi" na "nzito" za nani?

Mmarekani Albert Munsell, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1905, alipendekeza kwamba kila rangi ipimwe kwa mambo matatu: aina yake, kiasi cha mwanga wake kati ya weusi na weupe, na nguvu yake. Zambarau ni mojawapo ya aina tano kuu katika mfumo wake, pamoja na nyekundu, njano, kijani na buluu. Mfumo huo unafaa kwa mwalimu wa Kiswahili kwa sababu unaonyesha mahali ambapo maneno yetu hugongana.

"Zambarau nyepesi" ni tafsiri ya haraka inayoonekana katika matangazo. Kwa fundi, rangi nyepesi ni ile iliyozimuliwa hata ikawa majimaji, na rangi nzito ni ile isiyotiririka upesi. Fundi aliyeambiwa "zambarau nyepesi" akaongeza maji ndooni hajakosea lugha. Ameielewa kwa istilahi ya kazi yake. Badala yake isemwe "zambarau inayoelekea weupe" au "zambarau yenye weupe mwingi". Kinyume chake ni "zambarau inayoelekea weusi" au "zambarau ya giza".

Kwa jambo la tatu, yaani nguvu ya rangi, Kiswahili kina vitenzi vizuri: "kolea", "koza", "fifia" na "pauka". Rangi iliyokolea imejaa nguvu yake yote. Iliyofifia imepungua nguvu. Iliyopauka imeingiwa na ujivu, kama ngozi isiyopakwa mafuta. Tahadhari ni kwamba "iliyokoza" hutumika na wengi kwa maana mbili, rangi yenye nguvu na rangi yenye giza. Zambarau ya kanga mpya imekolea lakini haina giza. Zambarau ya ganda la bilinganya ina giza. Tofauti hiyo ikiwa na uzito, mwandishi ataje mambo yote mawili: "zambarau iliyokolea, isiyo ya giza".

Ukuta huo wakati wa chakula cha usiku

Usahihi huu una faida zaidi kwa zambarau kuliko kwa rangi nyingine nyingi, kwa sababu zambarau hubadilika sana kulingana na mwanga. Taa yenye mwanga wa manjano, ya takriban kelvini 2700, ina buluu kidogo. Chini yake upande wa buluu wa zambarau hupungua, na ukuta huelekea wekundu au hata kahawia. Taa yenye mwanga mweupe wa takriban kelvini 6500 huirudishia buluu yake. Chumba cha kulia hutumika sana usiku, ilhali rangi huchaguliwa mchana dukani. Mtu aliyechagua urujuani uliofifia saa sita mchana anaweza kula chakula cha usiku mbele ya ukuta anaouona wa kijivu cha wekundu, akamlaumu fundi aliyefuata kadi neno kwa neno.

Zambarau ya giza nayo humeza mwanga mwingi. Kadi nyingi za rangi huonyesha kiwango cha kuakisi mwanga, kuanzia 0 kwa weusi kamili hadi 100 kwa weupe kamili. Mtafsiri asiiache namba hiyo, kwani ndiyo inayomwambia mwenye chumba chenye dirisha dogo kwamba ukuta aliouchagua utahitaji taa zaidi. Rangi ya maji, kwa kawaida, ikikauka huonekana ya giza zaidi kuliko ilipokuwa mbichi. Kwa hiyo jaribio la kweli ni kupaka kipande cha ubao, kukiacha kikauke, kisha kukitazama karibu na meza asubuhi, jioni na chini ya taa. Meza ya mninga au ya mvule, kwa ukahawia wake, hukaa vizuri zaidi na zambarau iliyopauka kidogo kuliko na iliyokolea, ambayo hushindana nayo.

Maana za kijamii nazo zisisahauliwe. Kwa Mkatoliki zambarau ni rangi ya Majilio na Kwaresima, yaani ya kungoja na ya kufunga, na baadhi ya wateja hawapendi kuiona kila siku mezani. Mtafsiri wa tangazo linalosifu "zambarau ya kifalme" ajue kwamba sifa hiyo haisikiki namna moja kwa kila msomaji.

Majina ya kwenye kadi

Kadi za rangi hujaa majina ya mimea ya mbali. Majina mengine yana historia yake: rangi iliyokuja kuitwa *mauve*, kutokana na ua la Kifaransa, ilipatikana kwa bahati London mwaka 1856, wakati William Henry Perkin, kijana wa miaka 18, alipokuwa akijaribu kutengeneza kwinini. Lakini msomaji anayechagua ukuta anahitaji kuona rangi, na jina la ua asilolijua halimsaidii. Hivyo mtafsiri atafute kitu cha nyumbani chenye rangi hiyohiyo. Bilinganya hufaa kwa zambarau ya giza. Ganda la kitunguu maji kwa zambarau ya wekundu iliyopauka. Ua la mjakaranda, linalotandaza barabara za Nairobi kila mwaka, kwa urujuani unaoelekea weupe. Namba ya kadi ibaki kama ilivyo, kwa sababu mchanganya rangi dukani hufuata namba.

Sentensi ya mwanzo sasa inaweza kuandikwa upya: "Fundi, chumba cha kulia chakula, kile kinachopakana na jiko, kipake rangi ya maji yenye namba niliyokutumia. Ni zambarau inayoelekea buluu, yenye weupe mwingi, iliyofifia kama ua la mjakaranda. Usizidishe maji kuliko maelezo ya kwenye ndoo." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza mara kadhaa, lakini ndani yake hamna neno linaloweza kuelekezwa kwenye chumba kingine, tunda au ndoo ya maji.